Haki ya Mwanafunzi Mwenye Kilema katika Mali ya Waislamu

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba watu kwa maumbo mbalimbali na akaigawa elimu baina yao bila ya kutazama uzima wa viungo. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Somo hili ni la mas'ala moja. Mtoto wa Kiislamu aliye kipofu, au kiziwi, au kiwete, akisha kufaulu katika masomo ya chini na kutaka kuingia chuo kikubwa, ni nani apasaye kumgharimia? Kwa mali gani? Na kwa njia gani?

Mas'ala haya si madogo. Siku ya Ijumaa, mbele ya milango ya misikiti mingi, huketi vipofu na viwete safu kwa safu. Watu wakisha kuswali hutia mikono mifukoni, wakatoa sarafu, wakenda zao nyoyo zimetulia. Wala hapana ubaya katika kutoa huko. Sadaka ni sadaka, ijapokuwa ni nusu ya kokwa ya tende. Lakini yule aliyeketi hapo Ijumaa hii ataketi papo hapo Ijumaa ijayo, na mwaka ujao, na pengine mwanawe aliye mzima ataacha chuo ili amshike mkono na kumwongoza katika kuomba. Sarafu imemshibisha siku moja, haikumwinua. Basi katika sadaka iko inayomwacha mtu mahali alipo, na iko inayomwondosha hapo. Somo hili ni la hiyo ya pili.

1. ASILI YA JAMBO HILI KATIKA DINI

Asili ya kwanza ni khabari ya Abdallah bin Ummi Maktum, radhi za Mungu zimshukie. Alikuwa kipofu. Alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, naye Mtume yu katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi, akitumaini kuwa wakisilimu wao watasilimu wengi nyuma yao. Kipofu yule akataka afundishwe. Mtume akakunja uso na kumgeukia mbali, kwa kuwa aliona kazi aliyokuwa nayo ni kubwa zaidi. Hapo ikateremshwa Sura ya 80, iitwayo Abasa, nayo mwanzo wake ni lawama juu ya jambo hilo.

Katika kisa hiki yapo mambo matatu yapasayo kuangaliwa sana.

La kwanza, kipofu yule hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kutaka elimu. Aya zilizoteremka kwa ajili yake ni kwa ajili ya mwanafunzi.

La pili, waliotangulizwa mbele yake ni watu wa vyeo na mali, waliotarajiwa kuleta faida kubwa. Na hiyo ndiyo hoja itolewayo hata leo: ya kwamba fedha ni chache, na heri kumsomesha mzima, kwani faida yake itaonekana upesi. Mwenyezi Mungu hakuikubali hesabu hiyo.

La tatu, na ndilo la ajabu, kipofu hakuuona uso uliokunjwa. Hakulalamika, wala hakujua. Lakini Mwenyezi Mungu aliona, akalaumu. Basi na ajue kila aliyekabidhiwa kupokea maombi ya wanafunzi, katika msikiti, au madrasa, au ofisi: barua ya mwenye kilema ikiwekwa chini ya nyingine naye mwenyewe asijue, yuko Mwenye kujua.

Asili ya pili ni aya ya 95 ya Sura An-Nisaa, inayoeleza ubora wa wapiganao jihadi juu ya wakaao majumbani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Ibn Ummi Maktum alishitaki hali yake, kuwa lau angeweza angalitoka. Ndipo yakateremka maneno ya kuwatoa wenye dharura katika hukumu hiyo. Kwa hivyo sheria yenyewe, ilipokuwa ikiteremka, iliacha nafasi ya mwenye kilema. Haikumlazimisha aingie katika kipimo kilichokatwa kwa wazima.

Wala Mtume hakumwacha Ibn Ummi Maktum kuwa mtu wa kuhurumiwa tu. Alimfanya mwadhini pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja alimwacha Madina kuwa naibu wake alipotoka safarini. Huo ndio mwisho wa mwanafunzi aliyepewa nafasi: kesho yake alishika kazi ya watu.

Na imepokewa khabari ya kipofu aliyemwendea Mtume akasema ya kuwa hana mtu wa kumwongoza kwenda msikitini. Wanazuoni wamezungumza mengi juu ya hukumu ya swala katika hadithi hiyo. Ama katika somo hili yatosha kuangalia ile shida aliyoitaja. Hakusema kuwa akili yake ni pungufu, wala imani yake. Alichokosa ni kiongozi.

2. WALIOKUWA NA VILEMA WAKAWA MAIMAMU WA ELIMU

Baadhi ya wazazi humficha mtoto mwenye kilema, wakadhani kuwa elimu haimfai. Watu hao na wasome tarehe za Uislamu.

Ata bin Abi Rabah wa Makka, aliyekufa yapata mwaka 115 wa Hijra, alikuwa mtu mweusi, chongo, mwenye mkono uliopooza na mguu wenye kuchechemea, na mwisho wa umri wake akapofuka kabisa. Pamoja na hayo alikuwa mufti wa Makka, na katika zama za Bani Umayya ilinadiwa wakati wa Haji kuwa watu wasitake fatwa ila kwake. Qatada bin Diama wa Basra alizaliwa kipofu, akasoma kwa Anas bin Malik, akawa hodari wa tafsiri na hadithi, na hifadhi yake ikapigiwa mfano.

Wala si watu wa kale tu. Sheikh Hasan al-Quwaysni alikuwa kipofu, naye alishika cheo cha Sheikh wa Azhar tangu 1834 hata 1838. Sheikh Abdulaziz bin Baz alipofuka katika ujana wake, yapata umri wa miaka 20. Akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, na tangu 1993 mpaka kufa kwake mwaka 1999 alikuwa Mufti Mkuu wa Saudia. Na Taha Hussein wa Misri alipoteza macho utotoni kwa tiba mbaya. Aliingia Azhar mwaka 1902, akapata udaktari wa elimu mwaka 1914, kisha Chuo Kikuu cha Misri kikampeleka Ufaransa kwa gharama yake chuo. Mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Wanazuoni wengi wamempinga katika baadhi ya maandishi yake. Lakini hapana awezaye kukana kuwa kipofu yule alipogharimiwa alisoma, na alipopewa kazi aliifanya.

Hakuna katika hao aliyefika alikofika peke yake. Nyuma ya kila mmoja alikuwako msomaji aliyemsomea, na kiongozi aliyemshika mkono, na mali iliyolipa chakula na malazi.

3. GHARAMA YA MWANAFUNZI MWENYE KILEMA NI MARA MBILI

Watu wengi hukosea hapa. Hudhani kuwa mwanafunzi mwenye kilema akisha kulipiwa ada ya chuo, haja yake imekwisha. Sivyo. Ada ni gharama anayoshirikiana na wenzake wote. Baada ya hiyo iko gharama nyingine iliyo yake peke yake, na mara nyingi hiyo ndiyo imtoayo chuoni.

Kipofu huhitaji vitabu vilivyoandikwa kwa nukta nundu, yaani maandishi ya kupapaswa kwa vidole, yaliyotungwa na Louis Braille wa Ufaransa, ambaye naye alikuwa kipofu, alipokuwa kijana wa miaka 15, mwaka 1824. Kila herufi hufanywa kwa nukta zisizozidi 6. Qur'ani Tukufu nayo imekwisha kuchapwa kwa nukta hizo. Lakini kitabu kimoja cha kawaida kikigeuzwa nukta nundu huwa majalada mengi makubwa, na karatasi yake ni nzito, na mashine ya kuandikia ni ghali. Siku hizi iko pia kompyuta isomayo maandishi kwa sauti. Nayo yataka kununuliwa. Na pale ambapo hapana kitabu wala kompyuta, hapana budi kuwe na mtu wa kumsomea.

Kiziwi huhitaji mkalimani wa lugha ya alama, akae darasani kila siku na amfasirie maneno ya mwalimu. Mkalimani huyo ni mtu mwenye kazi yake, naye apasa kulipwa. Pasipo mkalimani, kiziwi huketi darasani mwaka mzima kama mtu aliyekaa nyuma ya kioo: midomo yatembea, elimu haimfikii.

Kiwete huhitaji kiti cha magurudumu, au magongo, na nauli ya gari kwa kuwa hawezi kwenda mwendo mrefu au kugombania basi, na chumba cha chini kisicho ngazi. Asipopata chumba cha chini chuoni, hulazimika kupanga nje, na kodi ya nyumba ikawa juu yake.

Basi msaada uliopimwa kwa mwanafunzi mzima, akipewa sawa sawa mwenye kilema, si usawa. Ni mfano wa watu wawili waliopewa kila mmoja pishi moja ya mchele, mmoja ana jiko, sufuria na kuni, na mwingine hana hata fiya moja. Wote wamepewa pishi. Lakini mmoja atakula na mwingine atalala na njaa, na mchele uko mbele yake.

4. WALIVYOFANYA WALIOTANGULIA

Imesimuliwa katika vitabu vya tarehe ya kuwa Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu 705 hata 715, aliwakadiria riziki wenye ukoma ili wasiombe watu, na akampa kila kiwete mtumishi, na kila kipofu kiongozi. Na aangaliwe namna alivyotoa: hakuwapa wote kitu kimoja, bali alimpa kila mmoja kile kilichokuwa kimepungua kwake.

Kisha ni khabari ya vipofu wa Azhar. Katika miaka ya 1730 mmoja wa wakubwa wa Misri, Uthman Katkhuda, alijenga karibu na Msikiti wa Azhar zawia kwa ajili ya vipofu wanaosoma. Mwingereza Edward Lane, aliyekaa Kairo katika miaka ya 1820 na 1830, ameandika ya kuwa vipofu kiasi cha 300, wengi wao wanafunzi, walikuwa wakitunzwa hapo kwa mali iliyowekewa wakfu. Kipofu wa Misri aliyetaka elimu hakuhitaji kungojea mlangoni ahurumiwe. Alikuwa na mahali pake palipojulikana, na mali yake iliyoandikwa.

Katika khabari hiyo yamo mafunzo mawili mengine, na yote mawili yafaa kwa wanaotaka kuanzisha jambo kama hilo.

Funzo la kwanza ni juu ya kuilinda mali. Lane ameandika kuwa zamani wanafunzi wa Azhar walikuwa wakipewa chakula kila siku kutoka katika mapato ya mashamba ya wakfu. Kisha Muhammad Ali, aliyekuwa mtawala wa Misri tangu 1805, akayachukua mashamba ya misikiti, na Azhar ikapoteza sehemu kubwa ya mali yake, na chakula cha wanafunzi kikakatika. Wakfu usiolindwa kwa hati na mashahidi na hesabu huliwa. Aliyeuweka amekwisha kufa, na wanaouhitaji ni wanyonge. Basi mwenye nguvu haoni wa kumzuia.

Funzo la pili ni juu ya msimamizi. Lane amesimulia kuwa nadhiri mmoja wa zawia ile, alipoingia kazini, aliamrisha vipofu wote wachapwe, mwenye kosa na asiye kosa. Nao wakainuka juu yake, wakamfunga, wakamchapa zaidi ya walivyochapwa wao, hata akaiacha kazi ile. Kufanya vile si jambo la kusifiwa kwa upande wowote. Lakini lamwonya kila nadhiri: mwenye kusaidiwa si mateka wa msaidizi. Ni mwenye haki, na katika jambo lake yapasa ashauriwe.

5. ZAKA NA MWANAFUNZI MWENYE KILEMA

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wengi wao ni wa madhehebu ya Imam Shafi, na hukumu zifuatazo ni za madhehebu hayo.

Mwenyezi Mungu amewataja wanaostahiki zaka kuwa ni namna 8, katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba, na wa kwanza katika hao ni mafakiri na maskini. Mwenye kilema asiyekuwa na mali, wala kazi, wala mtu apasaye kumlisha kwa sheria, yumo katika mafakiri bila ya shaka.

Je, yule awezaye kufanya kazi kidogo, kama kusuka mikeka au kushona viatu, lakini kazi ile ikimshughulisha hawezi kusoma? Imam Nawawi amebainisha katika Majmuu ya kuwa mtu awezaye kuchuma, akiwa ameshughulika na kutafuta elimu ya sheria hata lau angechuma angalikatika na elimu hiyo, ni halali kupewa zaka, kwani kutafuta elimu ni faradhi ya kutosheleza. Ama asiyeambulia kitu katika masomo yake, naye aweza kuchuma, hapewi kwa njia hiyo. Maneno ya Nawawi ni juu ya elimu ya sheria. Wanazuoni wengi wa siku hizi wameingiza humo elimu nyingine ambazo umma hauna budi nazo. Na Imam Ghazali zamani alikwisha kuutaja utabibu na hesabu katika faradhi za kutosheleza. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake kabla ya kutoa.

Kiasi cha kumpa ni nini? Katika Minhaj, kitabu kisomwacho sana katika darasa za pwani, Nawawi ametilia nguvu kauli ya kuwa fakiri na maskini wapewe kiasi cha kuwatosheleza umri wao, si cha siku moja. Na mafakihi wamebainisha kuwa mwenye ufundi hununuliwa vyombo vya ufundi wake, na mfanya biashara hupewa rasilmali. Kwa hivyo mashine ya nukta nundu kwa kipofu anayesoma, na kiti cha magurudumu kwa kiwete, ni mfano wa tezo kwa seremala: ni chombo ambacho kwacho mtu hutoka katika ufakiri. Na mafakihi wamesema tena ya kuwa vitabu vya mwenye elimu havimtoi katika ufakiri, basi asiambiwe mwanafunzi kipofu, "Uza mashine yako kwanza, ndipo uje kutaka zaka."

Ama mwenye baba tajiri apasaye kumlisha kwa sheria, naye anamlisha, hapewi katika fungu la mafakiri. Huyo haki yake iko kwa baba yake, na dhambi ya kumnyima elimu iko juu ya baba huyo.

6. MSAADA WA SERIKALI, NA MIPAKA YAKE

Serikali za Afrika ya Mashariki zimeweka njia za kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vikuu. Katika Tanzania iko Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Na Zanzibar iko bodi yake. Katika Kenya iko Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, na liko Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ambalo lina mfuko wa kusaidia hata katika masomo.

Mwanafunzi mwenye kilema asiache kuziendea njia hizi. Mali ya serikali ni mali ya watu wote, naye ni katika watu. Lakini yafaa ajue mambo matatu.

La kwanza, hutakiwa uthibitisho wa kilema chake kutoka kwa mganga wa serikali. Karatasi hiyo itafutwe mapema, kabla ya mlango wa maombi kufunguliwa. Wengi hukosa si kwa kuwa hawastahiki, bali kwa kuwa karatasi moja imechelewa. Na kiwete akaaye kijijini hawezi kwenda mjini na kurudi mara tatu katika juma moja. Na pale ambapo maombi hupelekwa kwa kompyuta, kipofu asiye na wa kumsomea hawezi kuyajaza. Basi kumsaidia mtu kujaza maombi ni sadaka isiyotaka fedha ila saa moja.

La pili, mkopo ni deni. Katika Tanzania mwenye kukopeshwa, akisha kupata kazi, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Yampasa alitie deni hilo katika nia yake tangu siku ya kwanza, kwani deni ni amana.

La tatu ni juu ya riba. Mkopo wa bodi ya Kenya kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka. Tanzania nayo ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, na tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Kijana wa Kiislamu akisimama mbele ya mkopo wenye ziada huingia katika dhiki ya moyo. Ama wapo waliomzunguka, ambao wana mali na hawakumpa njia nyingine. Hao wajiulize watajibu nini. Ni rahisi kumwambia kipofu kuwa riba ni haramu. Ni vizito kumwekea mkopo mwema mahali pake. Lakini mwenye kusema neno la kwanza yampasa aliendee na la pili.

7. NAMNA YA KUWEKA MFUKO WA WANAFUNZI WENYE VILEMA

Umar bin Khattab alipata shamba la Khaibar, akamwendea Mtume kutaka shauri. Akashauriwa azuie asili ya mali ile na atoe matunda yake. Umar akalifanya shamba lile wakfu, lisiuzwe, wala lisitolewe zawadi, wala lisirithiwe. Hiyo ndiyo asili ya wakfu: mti hubaki na matunda huliwa kila msimu.

Na hesabu yake si ngumu. Uchukuliwe mfano wa msikiti wenye watu 200 katika swala ya Ijumaa. Kila mmoja akitoa shilingi 1,000 za Tanzania kwa juma, hupatikana shilingi 200,000 kwa juma moja, na kwa majuma 52 ni shilingi 10,400,000. Fedha hizo zikikusanywa miaka michache huweza kununua kiwanja na kujenga duka. Duka likipangishwa shilingi 150,000 kwa mwezi, huleta shilingi 1,800,000 kwa mwaka, na mapato hayo humlipa msomaji wa kipofu au mkalimani wa kiziwi, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya watoaji wote kuingia makaburini. Mtume ametufunulia kuwa amali ya mtu hukatika kwa mauti ila mambo matatu, na mawili katika hayo ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Wakfu huu umeyakusanya yote mawili.

Masharti yake ni haya:

Kwanza, zaka isichanganywe na wakfu. Zaka ni haki ya mwenye kustahiki, yapasa aipokee mkononi mwake; wala haijengi duka. Pawe na daftari mbili na visanduku viwili.

Pili, hati ya wakfu iandikwe wazi kuwa ni kwa wanafunzi wenye vilema, ishuhudiwe, na iandikishwe kwa wenye mamlaka, kama vile Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa watu wa Zanzibar.

Tatu, wasimamizi wasipungue watatu, na mmoja wao awe mwenye kilema. Kwani aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Nne, mwombaji asiulizwe, "Unataka kiasi gani?" bali aulizwe, "Kilichokuzuia ni nini?" Huyu atataka msomaji, na yule nauli, na mwingine chumba cha chini.

Tano, hesabu isomwe hadharani kila mwaka, lakini majina ya wasaidiwao yasitajwe wala wasisimamishwe mbele ya watu. Mwenyezi Mungu amekataza kuziharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi, katika aya ya 264 ya Sura Al-Baqara.

8. MASWALI NA MAJIBU

Swali: Dini imemsamehe kipofu na kiwete katika mambo mengi. Mbona ahangaishwe na masomo?

Jawabu: Kusamehewa ni kuondolewa uzito, wala si kuondolewa haki. Ibn Ummi Maktum alisamehewa vita. Hakusamehewa elimu, wala yeye hakutaka kusamehewa.

Swali: Je, haitoshi kumfundisha kipofu kuhifadhi Qur'ani na kuadhini?

Jawabu: Hizo ni kazi tukufu, na mwenye kuzitaka azifanye. Ubaya ni kumfungia mlango kwa kusema kuwa hizo ndizo zake, na nyingine zote ni za wenye macho. Kipofu aweza kuwa kadhi wa elimu yake, na mwalimu, na mwanasheria. Na achague yeye.

Swali: Ikiwa mwenye kilema ni mtoto wa kike?

Jawabu: Haki yake ni ile ile, na haja yake huzidi, kwa kuwa hutaka malazi ya amani na mtu wa kuaminika wa kuwa naye. Gharama ikizidi, fungu nalo lizidishwe. Lisifanywe kuwa sababu ya kumwacha nyumbani.

Swali: Akisomeshwa kisha akashindwa mtihani, si mali imepotea?

Jawabu: Wazima wangapi wamesomeshwa wakashindwa, na hapana aliyesema kuwa wazima wasisomeshwe tena?

KHITIMISHO

Muhtasari wa somo ni huu. Mwanafunzi mwenye kilema ana haki katika mali ya Waislamu, kwa dalili za Kitabu na Sunna na matendo ya waliotangulia. Gharama yake ni mbili, ada na kile kilichomzuia, na kulipa ya kwanza bila ya pili ni kumwacha njiani. Zaka yafaa kwake kwa masharti yake. Njia za serikali aziendee kwa kujua. Na wakfu ndio msingi wenye kudumu.

Ijumaa ijayo milango ya misikiti itakuwa na safu ile ile. Mwenye kutoa sarafu na atoe, asiache. Lakini akisha kutoa, na ainame amwulize yule kijana aliyemshika kipofu mkono, "Wewe unasoma wapi?" Na amwulize kipofu mwenyewe, "Ulitaka kusoma nini?" Huenda ikawa hapana mtu aliyepata kumwuliza.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuwa wenye kuangalia haki za wanyonge wao, na aifanye elimu ya kila aliyesaidiwa kuwa nuru kwake na kwa aliyemsaidia. Amin. Wallahu aalam.